Maji ya Nani?

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele hutumia maji machache kwa sababu pipa lake limelala: nguo hupandishwa na kudondoshwa ndani ya maji kidogo, ilhali ile ya kufungulia juu huzizamisha. Uislamu unakataza israfu ya maji hata kando ya mto unaotiririka, kwa hiyo hata kwa jirani wa Mto Mara hoja ya mashine ipi inunuliwe ingeonekana imekwisha. Haijaisha. Mashine ya mbele hutaka bomba lenye presha. Kwenye nyumba zisizo na bomba, Gorong'a na kwingineko katika wilaya za Tarime na Serengeti, maji huja kichwani mwa mama kwa ndoo ya lita 20. Hapo mashine ya juu yenye mapipa mawili hukubali kujazwa kwa mkono, na povu lililofua mashuka hufua tena sare za shule, kisha nguo za shamba. Huo nao ni uangalifu wa maji.

Utaniambia mzigo bado uko kichwani mwa mama. Ni kweli, na ndiyo maana haki inadai zaidi ya mashine: mume aliyeilipia dukani abebe pia ndoo. Anayejitetea kwamba mila imewapa wanawake kazi ya maji asahau hoja hiyo, maana wanaume hubeba madumu ya maji kwa baiskeli wanapolipwa.