Hukumu na Vazi Lake

Wazee walisema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Neno hili ni kweli, wala hatulikatai. Lakini twaona ya kuwa vazi la kitu humfundisha mtu jinsi ya kukitumia. Leo twataka kulitazama jambo hili katika magazeti yanayopima picha za sinema, maana sinema zimefika hata vijijini mwetu, katika simu za vijana, na kila moja huja na watu wa kuisifu na wa kuikataa. Swali letu ni hili: mtu aihukumuye kazi ya mwenziwe, je, ana wajibu pia juu ya namna anavyoipanga hukumu yake katika karatasi?

Mwaka 1934 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilianza kupiga chapa gazeti lililoitwa Monthly Film Bulletin. Lilikuwa gazeti kavu, lisilotafuta urembo. Kwanza yaliandikwa majina ya watu walioitengeneza picha, kisha hadithi yake kwa ufupi, na baada ya hayo maoni ya mwandishi. Mambo hayo matatu hayakuchanganywa, hata msomaji asiyekubaliana na mwandishi aliweza kurudi juu, akaisoma hadithi tena, akajipimia mwenyewe. Huko twaona kumheshimu msomaji, ijapokuwa kurasa za namna hiyo huchosha macho. Gazeti hilo lilidumu hata mwaka 1991, likaunganishwa na Sight and Sound.

Mwezi wa Aprili 1951 lilitokea jingine huko Paris, Cahiers du cinéma, na André Bazin alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Neno hilo cahiers maana yake ni madaftari. Nasi walimu hatuwezi kulichukia jina kama hilo. Jalada lilikuwa la manjano, lenye picha moja isiyo na rangi, na ndani yalikuwamo maneno mengi ya kujadiliana. Vijana walioandika humo, kama François Truffaut na Jean-Luc Godard, baadaye walitengeneza sinema wenyewe, wakapimwa kwa kipimo walichowapimia wengine.

Lakini gazeti hilo hilo la maneno mengi lilikuwa na jedwali la nyota. Nyota nne zilikuwa za kazi bora kabisa, na doa jeusi lilikuwa la picha isiyostahili mtu kujisumbua kuiendea. Kuzipa sinema nyota hakukuanza kwao. Mwaka 1928 Irene Thirer alikwisha kufanya hivyo katika gazeti la Daily News la New York. Ila katika jedwali la Paris waamuzi kumi waliwekwa bega kwa bega, na msomaji aliweza kuona mmoja ametoa nyota nne pale mwenziwe alipotia doa. Basi jedwali lenyewe lilikiri, pasipo kusema neno, ya kuwa waamuzi ni wanadamu na hawapatani. Safu moja ya nyota chini ya jina la mtu mmoja haikiri hivyo. Husimama kama mizani ya dukani.

Huenda mtu akatujibu: mwenye fedha ya tiketi moja tu, na jioni moja tu ya kupumzika, atasoma kurasa sita saa ngapi? Jibu hili lina haki, wala hatuwalaumu wanaotazama nyota na kwenda zao. Shaka yetu ni juu ya mwenye kuzitoa, kwa kuwa nyota humpa nafasi ya kuhukumu asitoe sababu.

Twayajua haya kwa kosa letu wenyewe. Siku moja tulimrudishia kijana insha yake, nasi tumeandika juu yake 4 kwa wino mwekundu, basi. Akaja mezani, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hii nne yasema nini?" Tukaisoma insha upya mbele yake, tukitafuta sababu ambayo ilitupasa kuwa nayo tangu jana, tusiione upesi. Tangu siku ile twaandika maneno kwanza, na hesabu twaiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kazi hii hutukalisha taani usiku sana. Na wanafunzi, wakiisha kupokea madaftari yao, bado hutazama chini kwanza.