Ujana na Hatamu Yake

Ndugu zetu, huko Matasia, baina ya Ngong na Kiserian, tuliwaona vijana wameinamia simu wakicheza kamari ya mipira. Maradhi hayo yako kwetu pwani vile vile.

Wazee husema: "Ni ukaidi tu." Lakini wataalamu wameona kuwa kijana akibaleghe, sehemu ya ubongo iitikiayo raha na malipo huwaka mara nyingi kuliko ya mtoto au ya mtu mzima, na sehemu ya mbele, iliyo hatamu ya akili, haikomai mpaka apite miaka 20. Farasi ana mbio, hatamu ingali changa.

Je, basi hana dhambi? La! Amebaleghe, kalamu yamwandikia; na kamari ni haramu kwa Aya ya 90 ya Suratul Maida. Lakini nasi tutaulizwa: tumempa nini badala yake? Mtume (S.A.W.) alimkabidhi Usama bin Zayd jeshi, naye hajapindukia miaka 20. Sisi twawapa wetu makaripio tu. Tuwape amana, kazi na sifa njema, ili moyo upendao malipo uzoee kuyatafuta kwa Mola wake.

Wallahu aalam.