Deni la Anayeita

Katika maboma mengi ya Kakamega mbwa hufunzwa mambo mawili tu: kubweka usiku na kuogopa fimbo mchana. Langoni pakiandikwa "Mbwa Kali", mwenye boma ameridhika. Anayekaa na mbwa wake jioni akimzoesha kuketi, kungoja chakula na kutoa mguu wa salamu huonekana hana kazi, au anaiga Wazungu. Mimi naona ameshika swali zito kuhusu mamlaka. Kila amri anayofunzwa mnyama humfunga kwanza anayeamuru, na adabu ya mbwa haiwezi kuzidi uaminifu wa bwana wake.

Tazama somo lenyewe linavyokwenda. Kipande cha ugali hushikwa juu kidogo ya pua ya mbwa, kisha mkono husogezwa taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka kufuata ugali, makalio hushuka yenyewe, na papo hapo mbwa hupewa chake. Mwalimu akichelewa kidogo, mbwa keshasimama, na kinachotuzwa ni kule kusimama. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza usagaji wa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa akizoea kulishwa baada ya ishara fulani, mate humtoka kwa ishara peke yake. Ishara kwake ni habari ya kinachokuja. Basi mtu anayemwita mbwa wake, Simba, kwa sauti tamu, akifika akamcharaza kwa sababu ya kuku aliyeliwa asubuhi, hajaadhibu wizi wowote. Amefundisha kwamba kuitika ndiko kunakoleta kichapo. Kesho akiita, Simba atabaki kando ya migomba, mkia katikati ya miguu, na ataambiwa ni mkaidi.

Mtu atapinga: ahadi ni mambo ya watu, na mbwa hajui ahadi ni nini. Immanuel Kant alifundisha hivyo hasa. Alikubali kwamba mbwa mzee aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa hadi afe, lakini kwa maoni yake wajibu huo tunadaiwa na utu wetu. Anayewatesa wanyama hatimaye huwa mgumu kwa binadamu wenzake. Ni kweli, ila haitoshi. Mtoto mchanga naye hajui ahadi, na hakuna anayesema kwa hiyo hawezi kuhadaiwa. Kinachohitajika ni kiumbe anayetegemea neno letu na kuumia likigeuka. Mbwa tumemfanya kiumbe wa namna hiyo kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa makusudi.

Pingamizi la dini ni zito zaidi. Huko Mumias, ambako Uislamu una mizizi tangu zama za misafara ya biashara, wengi hufuata madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo inahusu twahara. Haimruhusu mtu kuwa katili. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na inawakumbusha wanaowafunza kwamba elimu hiyo wamepewa na Mwenyezi Mungu. Yaani kufundisha ni amana. Kwa Wakristo, Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Anayeosha chombo mara saba na anayemlaza mbwa sebuleni wanaweza kuafikiana hapa, hata wasiafikiane mahali pa kumlaza.

Na michezo je, kugaagaa chini na kutoa mguu? Wapo wanaosema inamdhalilisha mnyama. Kinachomdhalilisha, nadhani, ni kulazimishwa. Mchezo hauna faida yoyote kwa bwana, kwa hiyo hana sababu ya kuutafuta kwa fimbo; mbwa akichoka akaenda zake kivulini, hakuna kilichoharibika. Ulinzi hautoi nafasi hiyo.

Mtihani wenyewe wa uaminifu wa bwana huja siku ya chanjo. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kinachowapata watu ifikapo 2030, na njia kuu ni kuwachanja mbwa kwa wingi. Wapo wasioweza hata kuwashika mbwa wao wenyewe. Wanawarushia kamba huku wakitukana. Aliyemfunza mbwa wake atashawishika kumwita tu, "Simba, njoo", kisha sindano. Je, hilo si kuvunja neno? Chanjo ni kwa faida ya mbwa, lakini hilo mbwa halijui. Ni heri mwenyewe amfuate alipo, amvishe kamba, amshike kifuani wakati wa kuchomwa, na kumpa omena papo hapo, ili lile "njoo" lisihusishwe na sindano.