Frateri, hii kompyuta mbona imekufa?



Vijana wenzangu, likizo hii nipo nyumbani Makanyagio, hapa Mpanda, na kompyuta mpakato yangu kuukuu yenye RAM ya GB 2. Ilikuwa imechoka: ukiiwasha, unamaliza makumi mawili ya rozari kabla haijafunguka. Nikaamua kuiwekea Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa 1993 na unaotolewa bure na watu wanaojitolea.

Waliowahi kuiweka wanajua. Karibu na mwisho inakuja orodha ya programu, na baadhi zimeshawekewa alama ya vema, ikiwemo desktopu, yaani madirisha, aikoni na kila kitu cha kubofya. Ukibonyeza tu kuendelea, vyote vinaingia. Mimi nikaondoa alama ya desktopu, nikabakiza vifaa vya msingi. Ilipowaka tena: kioo cheusi, maandishi meupe, inauliza jina na nywila. Basi. Tena iliwaka haraka! Kiukweli nilijiona mtawa wa jangwani.

Siku mbili baadaye akaja katibu wa vijana wa kigango chetu, anataka kuchapa orodha ya wanaokwenda hija. "Frateri, hii kompyuta mbona imekufa?" Nikamwambia haijafa, unaandika amri tu. Nikaanza kumfundisha. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Haya Frateri, acha niende stesheneri." Kule unalipia kila ukurasa.

Alipotoka, nikaona aibu. Nilikuwa najivunia ufukara wa kompyuta yangu, kumbe anayeulipia ni mwingine.

Je, kuwa na vichache ni fadhila? Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kipimo cha kiasi ni mahitaji ya maisha haya, yakitazamwa kwa akili. Hahesabu vitu. Tena anasema kuyakataa mema hata pale yanapohitajika nako ni kasoro. Na katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu anapowatuma Thenashara anawakataza mkate, mkoba na fedha, lakini fimbo na viatu anawaruhusu. Kwa nini? Kwa sababu kuna safari. Njia ndiyo iliyopanga mzigo.

Jioni ile nikanunua bando, nikaandika *apt install xfce4*, halafu nikaongeza LibreOffice ya kuchapia.

Mtu atauliza: kama mwisho wa yote umeweka desktopu, si ungeacha tu ile alama ya vema tangu mwanzo? Hapana, ndugu yangu. Kwa nje zinaweza kufanana, lakini ya kwanza ingeingia kwa sababu sikuikataa, na hii imeingia kwa sababu nimeiita, na najua nimeiita kwa ajili ya nani. Hata vifurushi vingi vinavyofuatana nayo, *apt* inaviorodhesha kwanza na kuuliza: ndiyo au hapana? Uhuru uko hapo, katika kuulizwa na kujibu.

Sasa tazama maisha yetu. Magrupu ishirini ya WhatsApp, mikeka ya kubeti, mtindo wa nguo, hata maneno tunayotumia kuwasema wengine. Vingi hatukuvichagua. Vilikuja na alama ya vema, tukabonyeza kuendelea. Lakini pia wapo kati yetu, nami nikiwemo, wanaojinyima kwa kujionesha, huku jirani akikosa pa kuandikia.

Katibu orodha alishaichapa, na hela yake ilishaenda. Nimemwomba radhi. Ijumaa anakuja na kumbukumbu za kikao.

Leo usiku, katika kutafuta dhamiri, chukua vitu vitatu ulivyo navyo na ujiulize kwa kila kimoja: nilikiita, au kilijiingiza? Kisha ujiulize la pili, maana ndilo lililonishinda mimi: kipi nimekataa kukiweka, na nani anakihitaji?

Mungu awabariki. Tuombeane.