Mahali Pasipo Macho ya Jirani

Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, stendi ya Same hupata abiria wa namna ya pekee. Ni kijana aliyeteremka kutoka Chome, Vudee au Gonja. Ana sanduku jipya, naye amezungukwa na watu kumi ambao hawasafiri. Aenda chuo kikuu katika nchi ya kigeni: Uganda au Kenya, India, China, Uturuki, Algeria. Kijiji kizima chajua aendako, chajua na mbuzi waliouzwa na magunia ya tangawizi ya Mamba yaliyolipia nauli. Twataka leo kuuliza swali moja juu ya kijana huyo, wala si swali la masomo yake. Je, wema aliokuwa nao milimani ulikuwa wake mwenyewe, au ulikuwa wa macho yaliyomtazama?

Swali hili si la jana. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na Mpare aliyetafuta elimu hiyo hakuwa na budi kuvuka mpaka. Marehemu Cleopa Msuya wa Usangi, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, alisoma Makerere, mjini Kampala, kutoka mwaka 1952 hadi 1955. Mwalimu Nyerere alikuwa amemtangulia huko miaka ya 1943 hadi 1945, kisha akaenda mbali zaidi, Edinburgh, mwaka 1949, akakaa miaka mitatu. Siku zile habari za nyumbani zilikwenda kwa barua. Kati ya barua na barua palikuwa na kimya kirefu, na katika kimya hicho kijana aliweza kuwa mtu yeyote apendaye.

Katika milima yetu mtu hafichiki. Njia ni nyembamba, na kila apitaye huamkiwa kwa jina la baba yake. Kijana akikosa Misa Takatifu, mama mmoja wa jumuiya atamwulizia kabla jua halijatua. Siku ya msaragambo, jembe lisiloonekana hujulikana ni la nyumba gani. Wazee wetu hawakuona haya kuutegemea ulinzi huo. Itazame ndiva, kama ile ya Manoo kule Bangalala: maji ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa yakafuata mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Ayaibaye usiku huonekana alfajiri, kwa kuwa udongo wake ni mbichi na wa jirani ni mkavu. Basi, mtu asiyeiba maji ni mwadilifu, au aogopa tu udongo wake usimshitaki? Hakuna ajuaye. Hata yeye mwenyewe hajui, maana hajapimwa bado.

Wako wasemao kwamba mji mkubwa ndio kipimo. Kijana afikapo mahali ambapo hakuna amjuaye, ambapo jirani wa mlango wa pili hajui jina lake wala hataki kulijua, hapo, wasema, ndipo utu wake wa kweli utakapoonekana. Kuna ukweli katika maneno hayo, lakini si ukweli wote, na ajuaye hivyo kuliko wengi ni mwanafunzi mmoja wa Afrika aliyeondoka kwao zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita.

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo wa bara ambao leo waitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake hakuwa tajiri. Masomo ya mwana yalisimama mwaka mzima kwa kukosa fedha, mpaka ikapatikana njia ya kumpeleka Karthago, mji mkubwa wa pwani, akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Baba alipofariki, tajiri mmoja wa kwao aitwaye Romanianus aliendelea kumsaidia. Msomaji wa Same ataitambua habari hiyo yote, pamoja na mama aliyebaki nyumbani akilia na kusali. Lakini kilichotushangaza sisi katika kitabu chake cha Maungamo ni jambo dogo. Aeleza kwamba huko Karthago palikuwa na kundi la wanafunzi wakorofi waliowasumbua wageni na kuwadhihaki. Yeye hakushiriki matendo yao, na aliyachukia. Hata hivyo alikaa nao, akauonea fahari urafiki wao, akaona haya kwamba hakuwa fidhuli kama wao.

Hapo ndipo lilipo fundisho. Augustino hakufika mahali pasipo macho. Aliyaacha macho ya mama yake, na mara moja akapata mengine, akaanza kuyatii. Mji mkubwa hauna upweke ule tunaoufikiri. Unyamavu wake ni wa siku chache tu. Mgeni aliyechoka kula peke yake atamfuata mtu wa kwanza amwitaye kwa jina, awe mtu wa sala au wa kamari ya mpira, na baada ya miezi miwili ataona haya mbele ya huyo kama alivyoona haya mbele ya baba yake. Kwa hiyo lile swali letu la kwanza twaona halikukaa sawasawa. Kila mtu huishi mbele ya macho ya wengine. Lililo juu ya mwanafunzi ni kuyachagua macho hayo mwenyewe, na kuyachagua mapema, kabla hayajamchagua.

Msomaji mcha Mungu atatuambia: Mungu aona, naye yatosha. Kweli. Bwana wetu alifundisha kwamba sala na sadaka zielekezwe kwa Baba ambaye hafichwi neno. Lakini Bwana huyohuyo alipowatuma wanafunzi wake ugenini hakuwatuma mmoja mmoja. Aliwatuma wawili wawili. Alijua udongo alioufinyanga.

Siku hizi yadhaniwa kwamba simu imeondoa taabu hii, kwa kuwa mama wa Vudee aweza kumwona mwanawe Beijing usiku uleule. Sisi hatudhani hivyo. Simu huonyesha kile tu inachoelekezewa. Twajua mambo yatokeayo: kijana ameanguka mtihani wa mwaka wa kwanza, na kwa kuwa fedha za ukoo zimo ndani yake, aogopa kusema. Atuma picha mbele ya maktaba. Mwaka wa pili jina lake halimo tena katika orodha ya chuo, na picha zaendelea kuja. Uongo huo ni dhambi, hatuuiti kwa jina jingine. Lakini nani aliyemfundisha kwamba akifeli hana tena kwao? Mara nyingi ni sisi, tuliomwaga stendi kwa maneno ya hesabu: usisahau tulivyouza, usituaibishe. Kijana aliyefanywa mtaji hana ruhusa ya kuleta hasara.

Tutazame tena Algeria, nchi ya Augustino, ambako Watanzania nao hupelekwa kwa ufadhili wa masomo. Kanisa la huko ni dogo sana katikati ya Waislamu, na sehemu kubwa ya waamini wake ni wanafunzi kutoka nchi zilizo kusini ya Sahara. Jumapili ni siku ya kazi, kwani mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo mara nyingi waamini hukusanyika Ijumaa. Huko hakuna kengele ya kumwamsha mtu, wala mama wa jumuiya wa kumwulizia. Mwanafunzi atakayelitafuta kanisa hilo dogo juma lake la kwanza, akajitaja jina na kijiji, atakuwa amejipatia watu ambao asipofika watajua kwamba hakufika. Huenda pia mwenzake wa chumbani, Mwislamu aamkaye alfajiri kusali, akawa shahidi bora kuliko Mkristo wa kwao aliyeacha kusali.

Nasi tuliobaki tuna sehemu yetu. Paroko aweza kumwandikia paroko wa mji ule barua ya mistari mitano kabla basi halijaondoka. Na wazazi, wapigapo simu, twawaomba waiweke nyuma ile habari ya alama za mitihani, waanze kuuliza: umekula na nani leo? Jirani yako aitwaje? Padre wa hapo amekwisha kujua jina lako? Siku mwana atakaponyamaza kabla ya kujibu, wasikate simu.