Deni la rafiki aliyetutangulia

Rafiki akifa tunamsalia, tunamzika na kumuombea maghfira, kisha tunatawanyika. Je, kama alikufa akiwatetea wanaodhulumiwa, tumemaliza?

Tuchukue mfano wa Imam Abdullah Haron wa Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 1969 makaburu walimweka kizuizini siku 123, akafia humo Septemba 27. Uchunguzi wa mwaka 1970 ukadai alianguka kwenye ngazi. Familia na wenzake hawakukubali. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifo chake kilitokana na mateso ya polisi. Mkewe, Bi Galiema, hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwaka 2019.

Huenda msomaji akauliza, hukumu ya baada ya miaka 54 inamfaa nini maiti? Yeye malipo yake yako kwa Mola. Wanaofaidika ni walio hai, maana dhalimu akiachiwa uwongo wake, ataurudia kwa mwingine.

Uislamu unataka deni la maiti lilipwe kabla ya kugawa mirathi. Na sisi anatudai ushahidi, kama tulivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 135. Tumuombee rafiki yetu, lakini tusiuzike ukweli pamoja naye.