Kabla Hujamwaga

Najua umeiinua ile jeli kwenye mwanga mara tatu, ukaigeuza na kuigeuza. Tupu. Protini imebaki mstari mmoja pale pale ilipoanzia, na ile ngazi uliyoingoja, mistari inayopanda juu kila alama ya ubikwitini inapobandikwa, haipo. Na kimeng'enya chenyewe kimeagizwa ng'ambo, kimesafiri ndani ya barafu kavu, kikakaa forodhani hadi maabara nzima ikashika tama. Wewe ndiye uliyepewa kukifungua. Sasa umekaa kwenye stuli unajiuliza kwa nini hukusomea uhasibu.

Kaa hapo hapo, mdogo wangu, nikupe habari za kitu ambacho wengine wangekimwaga.

Ni Haifa, Israeli, miaka ya 1970. Wanabiolojia wengi walikuwa wanakimbilia jinsi seli inavyojenga protini. Ngoma ilikuwa inachezwa huko. Jinsi inavyozibomoa ilionekana kazi ya mfagizi. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover wakashika ufagio. Swali lao lilikuwa la kuudhi: kwa nini kubomoa kunaigharimu seli nishati? Embe huoza bila kulipiwa.

Wakachukua seli nyekundu changa za damu ya sungura, wakazipasua, wakapitisha majimaji yake kwenye safu ya kutenganishia. Zikatoka sehemu mbili. Kila moja peke yake ilikuwa bubu. Zikichanganywa, protini inabomolewa. Sehemu ya kwanza, iliyopita bila kunasa popote, ilijaa himoglobini, uchafu ambao mtu wa kawaida angetaka kuuondoa haraka. Wao wakaichemsha. Himoglobini ikaganda kama tope, na katika maji yaliyobaki kulikuwa na protini ndogo iliyostahimili moto na bado ikafanya kazi. Waliitangaza mwaka 1978. Miaka miwili baadaye, wakiwa pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, walionyesha kwamba inabandikwa kwenye protini inayopaswa kuvunjwa, na ikatambulika kuwa ndiyo ubikwitini, yenye asidi amino 76 tu. Nobeli ya kemia iliwafikia watatu hao mwaka 2004. Piga hesabu ya miaka hiyo, halafu urudi kuililia jeli ya wiki moja.

Hicho ulicho nacho kwenye barafu ni E6AP, ligasi ya ubikwitini, mmoja wa ndugu zaidi ya 600 katika mwili wa binadamu. Kimeng'enya E1 huiamsha ubikwitini kwa nishati ya ATP, kimeng'enya E2 huibeba, na ligasi ndiyo inayonyoosha kidole: huyu hapa. Chako kimetengenezwa ndani ya bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Usikidharau kwa hilo. Kirusi cha HPV aina ya 16 au 18 kikiingia kwenye mlango wa kizazi, protini yake E6 humshika E6AP mkono na kumwelekeza kwa p53, protini inayozuia seli zenye DNA iliyoharibika zisiendelee kugawanyika. Askari wa getini anafukuzwa kwa saini ya bosi wake mwenyewe! Na saratani inayofuata hapo ndiyo inayoua wanawake wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Unawajua. Mmoja huenda ni shangazi yako.

Basi inuka. Usiniambie kimeng'enya ni kibovu kabla hujakihoji. Tyubu isiyo na E1 uliiweka? Isiyo na ATP je? Jeli tupu isiyo na ulinganishi haikuambii lolote, ni karatasi ya mtihani isiyo na maswali. Magnesi uliitia? ATP ilikaa mezani muda gani Jumanne umeme ulipokatika, na ile tyubu uliyotumia ilikuwa imeganda na kuyeyuka mara ngapi? Protini hizi haziwezi kuvumilia safari nyingi za kwenda na kurudi friza. Mimi ningeanza na ATP. Ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Andika majibu kwenye daftari, hata yale ya aibu.

Umeme umerudi. Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri bado zipo tyubu tatu ulizozigawa mwenyewe siku ya kwanza, mikrolita tano kila moja. Toa moja tu, izamishe kwenye barafu, na safari hii fungua kichupa kipya cha ATP.